Sura ya Saba: Hoteli ya Mlangoni pa Bustani

Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa mwanzoni mwa Julai, swali moja huzunguka katika nyumba nyingi za Lubumbashi, kuanzia Golf mpaka Katuba: tukiwapeleka watoto kwenye bustani kubwa ya burudani, tulale katika hoteli iliyo pale pale mlangoni, au tufikie kwa ndugu mjini na kwenda asubuhi? Wazazi wengi huongeza swali la pili: mbona hoteli ile ni ghali hivyo, na kitanda ni kitanda?

Jibu la sura hii ni fupi, na kurasa zinazofuata zinalifafanua. Hoteli ya mlangoni huuza umbali mfupi. Umbali mfupi una thamani kubwa kwa familia yenye mtoto wa miaka minne au nkambo, yaani babu au bibi, mwenye maumivu ya magoti. Kwa familia ya vijana wa miaka kumi na sita thamani yake ni ndogo. Basi kabla ya kuuliza bei ya chumba, mtazame aliye dhaifu kuliko wote katika msafara wenu. Miguu yake ndiyo itakayoamua.

Bustani ya burudani ni nini?

Ninaposema bustani ya burudani sina maana ya uwanja wenye bembea mbili na mahali pa kuuzia soda. Ni eneo kubwa lenye ukuta na kiingilio, lililojaa michezo ya mashine: vigari vinavyopanda juu ya reli kisha kuporomoka kwa kasi, magurudumu makubwa yanayowainua watu angani, mashua zinazoteremka majini. Mara nyingi kila kitu ndani yake hufuata hadithi moja, kama vile maisha ya machimboni, ufalme wa kale au wanyama wa katuni. Mgeni hulipa mlangoni, kisha hucheza mpaka jioni.

Lubumbashi haina bustani kubwa ya namna hiyo. Kwa hiyo kwa Mlushois jambo hili lina maana ya safari, na safari ndiyo inayoleta swali la malazi.

Hoteli hizi zilianzia wapi?

Historia yake inaeleza bei yake. Tarehe 17 Julai 1955, Walt Disney alifungua Disneyland katika mji wa Anaheim, California. Fedha zake zilikuwa zimekwisha katika ujenzi wa bustani yenyewe, hata hakubaki na za kujengea hoteli. Akamwomba Jack Wrather, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, aijenge yeye. Hoteli hiyo ilifunguliwa Oktoba mwaka huo huo. Miaka michache baadaye eneo lote la jirani lilikuwa limejaa hoteli za watu wengine, na sehemu kubwa ya fedha za wageni iliingia katika mifuko yao.

Disney alijifunza. Alipotaka kujenga bustani ya pili huko Florida, kampuni yake ilinunua ardhi kimyakimya katikati ya miaka ya 1960, hekta zipatazo 11,000, kwa kutumia majina ya kampuni nyingine ili bei isipande. Bustani ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, hoteli zilikuwa tayari ndani ya ardhi hiyo hiyo. Mojawapo, iitwayo Contemporary, ilijengwa hivi kwamba treni ya reli moja inapita ndani ya jengo lenyewe na kuwachukua wageni.

Toka hapo wenye bustani duniani kote walielewa kwamba mgeni anayelala kwao hula kwao, hununua kwao, na kesho yake hurudi kucheza kwao. Ndiyo sababu wanampa vivutio: kuingia kabla ya wengine, basi la bure, kiamsha kinywa pamoja na wahusika wa katuni. Vivutio hivyo ni vya kweli, na gharama yake imo ndani ya bei ya chumba.

Lakini wageni nao hupiga hesabu. Tarehe 12 Aprili 1992 bustani ya Disney, ambayo leo inaitwa Disneyland Paris, ilifunguliwa Ufaransa, kilomita zipatazo 32 mashariki ya Paris, pamoja na hoteli zenye vyumba zaidi ya 5,000. Familia nyingi zilikuja kwa treni ya RER asubuhi, zikacheza, zikarudi kulala kwao. Vyumba vingi vilibaki vitupu, na kufikia mwaka 1994 kampuni ilikuwa katika madeni makubwa yaliyohitaji mpango maalumu wa kuiokoa. Familia zile zilikuwa zimejibu swali letu kwa vitendo: pale ambapo treni inakufikisha mlangoni na kukurudisha kwa wepesi, kitanda cha mlangoni hakina ulazima.

*Kwa kifupi:* hoteli ya mlangoni ilibuniwa ili kumbakiza mgeni na fedha zake. Inafaa pale ambapo kubaki kunamsaidia mgeni pia.

Umbali mfupi unafanya kazi gani?

Tuifuate siku moja ya familia yenye mtoto wa miaka minne. Saa tatu asubuhi wanaingia. Saa sita jua ni kali, foleni ni ndefu, na mtoto ameshalia mara mbili. Saa nane anasinzia begani kwa baba yake. Familia iliyolala mbali ina njia mbili: kumbeba mtoto aliyelala kutoka foleni hadi foleni, au kuondoka na kuyapoteza masaa ya jioni yaliyokwisha kulipiwa. Familia iliyolala mlangoni inatembea dakika kumi hadi chumbani. Mtoto analala, nkambo ananyoosha miguu, mama anabadilisha nguo zilizolowa, na saa kumi wanarudi wakiwa watu wapya, wakati ambapo wageni wa siku moja wanaanza kuondoka na foleni zinapungua.

Usingizi ule wa mchana ndio faida kubwa ya hoteli ya karibu. Faida nyingine ni hizi:

- Choo safi na maji ya kuoga wakati wowote.
- Mahali pa kuacha makoti, dawa na chakula cha mtoto, badala ya kuvibeba mgongoni siku nzima.
- Mkubwa mmoja anaweza kurudi na mtoto aliyechoka, na wengine wakaendelea.
- Hakuna kutafuta teksi usiku na watoto waliolala.

Ukizisoma tena utaona kwamba karibu zote ni za watoto wadogo, wazee na wagonjwa. Vijana hawana haja nazo. Watacheza mpaka milango ifungwe, watalala ndani ya basi, na hawataikumbuka hoteli.

Chumba cha watu wanne, familia ya watu saba

Hapa ndipo familia zetu hukwama. Hebu tusikilize mazungumzo yanayotokea kwenye meza ya mapokezi:

"Mama, chumba cha familia kinachukua watu wanne."

"Baba, sisi ni saba. Kuna nkambo wao, na huyu ni mtoto wa yaya yangu, analelewa kwangu."

"Basi mtachukua vyumba viwili, Mama."

Kijana wa mapokezi hana kosa. Hoteli nyingi duniani hupanga vyumba kwa baba, mama na watoto wawili. Hata vyumba vingi vya kawaida katika hoteli za Disneyland Paris ni vya watu wanne. Familia ya Lubumbashi haina umbo hilo, na haipaswi kujikata ili ienee chumbani. Mtoto wa yaya, yaani wa ndugu yako mkubwa, anayelelewa nyumbani akiachwa safari hii kwa sababu ya kitanda, atakumbuka maisha yake yote. Nkambo aliyewalea watoto hawa tangu kuzaliwa anastahili kuwaona wakifurahi.

Fanya hivi. Unapopiga simu kuhifadhi chumba, taja kwanza idadi yenu yote pamoja na umri wa kila mtoto, ndipo uulize bei. Omba vyumba viwili vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha, ili nkambo alale na watoto wakubwa na ninyi mlale na wadogo, bila mtu kupita nje usiku. Uliza pia mtoto hulipa kuanzia umri gani, maana hoteli na bustani hazitumii kipimo kimoja. Katika Disneyland Paris, kwa mfano, mtoto wa chini ya miaka mitatu huingia bila tiketi, na bei ya mtoto inaishia miaka kumi na moja.

Halafu pimeni urefu wa watoto nyumbani, ukutani, kabla ya kuwaahidi lolote. Michezo ya kasi huruhusu watoto kwa urefu, na umri hautazamwi. Mchezo wa Big Thunder Mountain huko Paris unataka sentimita 102. Ule wa Hyperspace Mountain unataka 120. Mtoto aliyeahidiwa mlima na kuzuiwa mlangoni hulia kilio ambacho hakuna barafu inayokituliza.

Safari tatu kutoka Lubumbashi

*Johannesburg.* Kutoka uwanja wa Luano kuna ndege za moja kwa moja. Kusini ya katikati ya jiji hilo iko Gold Reef City, iliyofunguliwa mwaka 1987 juu ya machimbo ya zamani ya dhahabu ya Crown Mines, na ndani yake kuna hoteli. Kwa watu wa jiji la shaba mahali hapa pana uzito wa pekee. Shimo namba 14, lililofanya kazi kuanzia 1897 mpaka 1971, limeachwa wazi kwa wageni: mnavaa kofia ngumu, mnapewa taa, mnaingia katika lifti ya wachimbaji na kushuka chini ya ardhi, kisha juu mnaona dhahabu ikiyeyushwa na kumiminwa. Watoto waliokua wakiliona bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kilima chake cheusi kila siku wataelewa hapo kazi waliyoifanya babu zao. Ukiwa na mzee aliyewahi kushuka machimboni, mwache yeye awe mwongozaji wa wajukuu. Jirani pana Makumbusho ya Apartheid, yaliyofunguliwa mwaka 2001, yanayowafaa vijana zaidi kuliko wadogo. Kumbukeni kwamba Julai ni baridi kali Johannesburg, kuliko hata asubuhi zetu za Julai, na michezo ya majini haina raha wakati huo.

*Livingstone, Zambia.* Huku hakuna mashine. Kuna Mosi-oa-Tunya, maporomoko yenye upana wa mita zipatazo 1,700 na kimo cha mita 108. Nimeyaingiza hapa kwa sababu hesabu ya malazi ni ile ile, na kwa sababu yanafikika kwa barabara: Kasumbalesa, Kitwe, Lusaka, kisha kusini, karibu kilomita 1,000 kwa jumla. Gawanyeni njia kwa siku mbili. Hoteli ya Avani imejengwa ndani ya hifadhi, na wageni wake hutembea kwa miguu mpaka kwenye maporomoko. Pundamilia hupita bustanini asubuhi. Kwa familia yenye nkambo ukaribu huo una thamani, kwani anaweza kwenda kutazama asubuhi, akarudi kupumzika, akaenda tena jioni. Julai na Agosti ni wakati mzuri, maji yapo na ukungu wake hauzibi macho. Mwezi Oktoba na Novemba upande wa Zambia maji hupungua sana.

*Paris na Brussels.* Familia nyingi zina ndugu huko, na hapa jibu linageuka. Bustani ya Walibi, iliyofunguliwa mwaka 1975 mjini Wavre, ina kituo chake cha treni, Bierges-Walibi. Mwenye ndugu Brussels alale kwa ndugu, aende asubuhi, arudi jioni. Kwa Disneyland Paris, treni ya RER A hufika mlangoni kwa dakika kama 40 kutoka katikati ya jiji. Vijana waende na kurudi. Wenye watoto wadogo walale usiku mmoja tu hotelini, siku ile ya bustani, na siku nyingine zote wakae kwa ndugu.

*Kwa kifupi:* Livingstone, lala karibu. Johannesburg, lala karibu ikiwa mna wadogo au mzee. Brussels, lala kwa ndugu. Paris, usiku mmoja unatosha.

Hesabu kabla ya kulipa

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya chumba na chumba. Linganisha gharama ya siku nzima. Tuchukue familia yetu ya watu saba kwa usiku mbili na siku mbili za bustani. Namba hizi ni za mfano, weka zako mahali pake.

Hoteli ya mlangoni: vyumba viwili, kila kimoja dola 120 pamoja na kiamsha kinywa. Kwa usiku mbili ni dola 480.

Hoteli ya mbali: vyumba viwili, kila kimoja dola 70 bila chakula. Kwa usiku mbili ni 280. Watu saba hawaenei katika teksi moja. Teksi mbili, kwenda na kurudi, siku mbili, kila safari dola 15, ni 120. Kiamsha kinywa cha dola 6 kwa kila mtu, siku mbili, ni 84. Jumla ni dola 484.

Hoteli iliyoonekana rahisi imezidi kwa dola nne, na usingizi wa mchana haumo. Hata kama mngekuwa wanne, chumba kimoja na teksi moja, hoteli ya mbali ingewagharimu dola 248, na ya mlangoni 240. Lakini kama ni basi la bei ndogo badala ya teksi, hoteli ya mbali inashinda. Ndiyo maana hakuna jibu moja kwa wote: kuna hesabu, na kila familia ina ya kwake.

Ziko pia gharama ambazo hazimo kwenye karatasi ya hoteli:

1. Kwa miaka mingi kila abiria wa safari ya nje amelipa ada ya Go Pass ya dola 50 kwenye viwanja vyetu vya ndege. Watu saba ni dola 350 kabla ya kupanda ndege.
2. Pasipoti na visa, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Afrika Kusini hukidai kwa wasafiri watokao kwetu.
3. Hati ya idhini kwa mtoto asiyesafiri na wazazi wake wote wawili. Kwa mtoto wa ndugu anayelelewa nyumbani, anzeni kuishughulikia mapema sana.
4. Chakula ndani ya bustani, ambacho ni ghali kila mahali. Ulizeni kama mnaruhusiwa kuingia na chenu.
5. Amana, yaani fedha ambazo hoteli huzishikilia mpaka mnaondoka. Mara nyingi hutakiwa kwa kadi, na mwenye pesa taslimu tu hukwama.

Ndugu akisikia mmelala hotelini

Gharama nyingine haihesabiki kwa dola. Shangazi anayeishi Johannesburg akisikia mmefika jijini mkalala hotelini, atajiuliza amewakosea nini. Nyumba yake ni heshima yake. Bukari na sombe ameshapanga kuvipika. Msimfiche, maana ataona picha. Mpigieni simu kabla ya kuhifadhi chumba, mmweleze: "Shangazi, usiku mbili tutalala karibu na bustani kwa ajili ya watoto na nkambo, halafu tunakuja kwako mpaka siku ya kuondoka." Mwalikeni naye siku moja ya bustani, tiketi yake mlipe ninyi. Na mkifikia kwake, nunueni unga, mafuta na samaki siku ya kwanza, msingoje kuombwa. Wageni saba ni mzigo hata kwa mwenye moyo mkunjufu.

Anzeni hapa nyumbani

Kabla ya safari kubwa fanyeni jaribio dogo Lubumbashi. Wapelekeni watoto siku nzima kwenye bustani ya wanyama ya jiji na mtazame: nani anachoka saa ngapi, nani anaogopa msongamano, nkambo anaweza kutembea kiasi gani kabla ya kutafuta kiti. Wasimulieni pia kuhusu J.A.C.K., kituo kilichoanzishwa hapa mwaka 2006 kulea sokwe wachanga walionyang'anywa mikononi mwa wafanyabiashara haramu, ili wajue kwamba mnyama anahitaji zaidi ya kutazamwa. Mwenye uwezo alale usiku mmoja na watoto hotelini, iwe Grand Karavia kando ya ziwa au nyumba ndogo ya wageni. Watajifunza kupanda lifti, kutokimbia koridoni usiku, na kutoingia bwawani bila mkubwa kuwatazama. Hilo la mwisho lisisitizwe kila asubuhi: bwawa la hoteli ni hatari kubwa zaidi kwa mtoto kuliko mchezo wowote wa reli, kwa sababu kwenye reli kuna mlinzi na mkanda, na kwenye bwawa mara nyingi hakuna.

Mambo ya kuamua, kwa mpangilio

1. Nani kati yetu ni dhaifu kuliko wote?
2. Je, kuna treni au basi la uhakika mpaka mlangoni, hata usiku?
3. Siku za bustani ni ngapi? Kwa siku moja tu, usiku mmoja unatosha.
4. Jumla ya siku nzima ni kiasi gani kwa kila njia?
5. Ndugu wa mji ule ameshaambiwa?

Ukijibu haya matano kwa ukweli, bei ya chumba haitakutisha wala kukudanganya. Na kama hesabu inaonyesha kwamba mwaka huu fedha hazitoshi kwa wote saba, usiende na wanne. Ahirisha, weka akiba, nenda mwakani na familia nzima.